Baadhi yao waliona shaka, na bado walitumwa

Kuna mstari mmoja kwenye Mathayo 28 ambao watu huwa wanaupita mbio wakikimbilia ule mkubwa wa kwenda kuyafanya mataifa yote kuwa wanafunzi. Ule mkubwa uko kwenye mabango ya mikutano ya injili, uko kwenye fulana za misheni, kila mhubiri anayepanda jukwaani hapa Busia anaujua kwa kichwa. Lakini rudi nyuma mistari miwili tu, ule wa 17, usome pole pole: "Nao walipomwona, walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka."

Hawa ni wale kumi na mmoja jamani. Si watu wa kupita njia. Walikula naye, walivuka naye bahari kwenye mashua, na sasa wako mlimani Galilaya wanamwona kwa macho yao amefufuka, magoti yako chini na moyoni bado kuna swali. Na Yesu anafanya nini? Anawasogelea anasema nao. Haulizi nani ana shaka atoke pembeni kwanza. Hawaambii nendeni mkafunge siku saba mrudi mkiwa sawa. Anawatuma wote, wenye shaka na wasio na shaka, kwa sentensi ileile moja.

Naandika hii kwa sababu najua watu wengi, wengine ni marafiki zangu kabisa, ambao wameombwa kufanya kitu kanisani, kufundisha watoto Jumapili, kuongoza maombi ya nyumba kwa nyumba, kuwa mzee wa kanisa, na wamekataa, na sababu hawaisemi mbele za watu lakini ni hii tu: imani yangu siku hizi haisimami vizuri, wacha kwanza itulie. Mimi nilikuwa hapo. Na saa zingine bado niko hapo, sitadanganya mtu.

Mimi ni wa Kanisa la Uganda, Mwanglikana wa kuzaliwa, nasali upande wetu huu wa Busia kwenye ibada ya Kiswahili manake mji wetu ni wa mpakani, kwenye benchi moja utakuta Msamia, Mteso, Mganda, Mjaluo na dereva wa lori aliyetoka Mombasa anasubiri karatasi zake zipite, na lugha inayotukusanya wote ni hii. Watu wa Kampala wakituuliza ati mbona mnasali kwa Kiswahili mimi huwakumbusha kwamba hata wale wasomaji wa kwanza kule Buganda, yaani Wakristo wa mwanzo, wakati wa mmisionari Mackay, walianza na Injili ya Kiswahili kabla ya Luganda kupata maandiko yake. Basi, hayo ni ya kando.

Shaka yangu ilikuwa na jina na ilikuwa na umri. Miaka sita. Mtoto wa dada yangu mkubwa, alikuwa na sikoseli, wengine wanaita selimundu. Malaria ikamshika, damu ikashuka haraka sana, na damu ya kumwongezea ikachelewa kupatikana. Usiku ule kanisa lilikuwa kwenye kesha na wanamwombea kwa jina lake, mimi nilikuwa hospitalini nimekaa kwenye mkeka chini ya kitanda chake, na niliomba jinsi ambayo sijawahi kuomba maishani, niliomba mpaka maneno yakaisha nikabaki nasema tu tafadhali, tafadhali. Asubuhi akafa.

Kifo kilituumiza, lakini ni matanga ndiyo yaliyonimaliza. Watu walikuja kumfariji dada na katikati ya kufariji mwingine anasema, imani ingekuwa hata kama punje ya haradali huyu mtoto angekuwa anacheza hapa. Mwingine anamvuta pembeni anamwambia achunguze, kwenu kuna laana gani, watoto hawafi hivi hivi. Na mtumishi mmoja, jina nitaliacha, alisimama mbele ya jeneza dogo lile akahubiri kwamba shaka ni mlango wa shetani, huku anamwangalia dada. Dada hakujibu kitu. Alimaliza kuzika mtoto wake, akarudi nyumbani, na tangu hapo kanisani ameingia kwa harusi tu.

Sasa sikilizeni, nataka niseme hili wazi kwa sababu limewaumiza wazazi wengi sana huku. Sikoseli si laana. Nesi mmoja wa wodi ya watoto ndiye alinikalisha akanielezea mpaka nikaelewa: baba anabeba mbegu moja ya ugonjwa, mama anabeba moja, wote wawili ni wazima hawana hata habari, na kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne mtoto azaliwe na ugonjwa wenyewe. Kila mimba. Si kwamba mmoja akishaupata basi watatu wanaofuata wamepona. Na wanaobeba si wachache, uchunguzi wa nchi nzima uliofanyika 2014 na 2015 kwa damu ya watoto wadogo ulikuta zaidi ya 13 katika kila 100 wanabeba hiyo mbegu. Hebu hesabu wewe mwenyewe watu walio kwenye kanisa lako Jumapili. Wazazi wa yule mtoto walipendana, wakafunga ndoa madhabahuni, wakazaa. Dhambi iko wapi hapo?

Wanafunzi walimuuliza Yesu swali hilohilo kwenye Yohana 9, ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu? Akawajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Mimi natamani huo mstari usomwe kwenye kila matanga ya mtoto.

Lakini huyo nesi aliniambia jambo lingine pia ambalo lilinipa usingizi mbaya kwa muda mrefu. Alisema hiyo mbegu imeenea kwetu kwa sababu ya malaria. Anayebeba mbegu moja tu, malaria kali haimuui kirahisi, kwa hiyo kwa vizazi vingi vilivyopita hao ndio waliopona wakazaa watoto. Yaani kinachomkinga mtoto wa jirani ndicho kikikutana mara mbili kinamuua wa dada yangu. Nikawa najiuliza, Mungu, hii hesabu ni yako? Wewe ndiye uliipanga hivi? Sina jibu la hilo swali mpaka leo, na wahubiri niliowauliza wengi walibadilisha mada.

Sikuacha kanisa. Nilikuwa naenda, naimba, natoa sadaka, napokea meza ya Bwana, lakini wakati wa kuombea wagonjwa ukifika nafunga macho na mdomo nafunga. Nadhani wako wengi kama mimi kwenye mabenchi, hawaondoki na hawasemi.

Alafu Reverendi wetu akanikuta siku moja baada ya ibada tunapanga viti, akaniambia kanisa linaanza kutembelea hospitali Jumamosi na angependa mimi niongoze maombi ya wagonjwa. Yaani mahali palepale! Angenipa kwaya ningekubali, angenipa hesabu za sadaka ningekubali, lakini ananipeleka kwenye kitu kimoja ambacho ndani yangu kimekufa. Nikamwambia ukweli wote, sikumficha kitu. Nikasema Reverendi, maombi ya uponyaji mimi siyawezi tena, nikifungua mdomo naona uso wa yule mtoto, naomba utafute mtu anayeamini.

Alinyamaza kidogo. Akasema, "Wasio na swali nilishawatuma, binti yangu. Wagonjwa wakiwaona wanaingia wanajifunika shuka wanajifanya wamelala."

Alafu akafungua Biblia yake Mathayo 28, akaweka kidole kwenye mstari wa 17, akaniuliza, "Na hawa, Bwana naye angetafuta wengine?"

Ndivyo huo mstari ulivyoingia kwangu na haujatoka. Nikaenda kusoma tena wengine wote walioitwa nikiwa natafuta kitu kimoja tu, je Mungu aliwatengeneza kwanza ndio akawatuma? Na mimi naona hapana. Musa alilalamika kuhusu ulimi wake mzito kwenye Kutoka 4, na Mungu angeweza kuunyoosha huo ulimi palepale kwenye kijiti kinachowaka, alikuwa ametoka kugeuza fimbo kuwa nyoka mbele ya macho yake, ulimi ungemshinda? Lakini hatusomi popote kwamba aliponywa. Alipewa Haruni wa kumsemea, akaenda na ulimi uleule kwa Farao. Gideoni tunamjua, alitaka ishara ya ngozi, ikaja, akaitaka tena kinyume chake. Paulo alimsihi Bwana mara tatu mwiba utoke na hautoki, anachopewa ni neno, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Sijui kama mmewahi kukaa na hilo neno kwa muda. Uweza hautimiliki baada ya udhaifu kuisha, ni katika udhaifu, humo humo ndani.

Na anayenigusa zaidi ni Eliya kwenye 1 Wafalme 19. Nabii mkubwa, moto umeshuka Karmeli watu wote wameona, siku chache baadaye amelala chini ya mti jangwani anaomba afe. Malaika anakuja. Mimi ningetegemea mahubiri. Angemwambia Eliya imani yako iko wapi, umesahau Karmeli? Hakuna. Anamgusa anamwambia inuka ule, na pale kichwani pake kuna mkate na chupa ya maji. Anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na chakula tena, anamwambia safari ni kubwa mno kwako. Swali la unafanya nini hapa linakuja baadaye kabisa, Horebu, mtu ameshashiba na ameshalala.

Hiyo ndiyo tuliyoifanya mpango wetu wa Jumamosi. Mnaojua hospitali zetu mnajua, mgonjwa wa Uganda anakuja na shuka zake, beseni lake, jerikeni, sigiri, na mtu wa kumuuguza anayelala chini kwenye mkeka. Kama huna mtu wa kukuuguza basi hata dawa zikiwepo unaweza kulala njaa, hakuna wa kukupikia wala kukufulia. Kwa hiyo kitu cha kwanza tunaingia nacho ni uji. Mama wa Mothers Union, umoja wa akina mama wa kanisa letu, wanapika asubuhi, wanatia kwenye flaski kubwa, tunabeba vikombe na sabuni za kipande. Tunaanza na wale ambao hawana mtu. Maombi yanakuja baadaye, na kwa anayetaka. Mwislamu akitaka uji anapewa uji, hakuna mtu anamuuliza.

Kuomba kwenyewe, nimejifunza kuomba ninachoweza kukisimamia. Simwambii mtu umepona pokea, siwezi, mdomo wangu hauwezi kulisema hilo na sidhani natakiwa. Namuuliza anataka tumwombe Mungu nini. Wengine wanataka kupona, naomba kupona, tena naomba kwa nguvu zote manake mimi pia nataka wapone! Wengine wanataka mtoto wao aliyeko Dubai kwa kyeyo, kazi za ugenini, apige simu. Mama mmoja alitaka tuombe usingizi tu, usiku mmoja wa usingizi. Naomba hivyo hivyo.

Kuna mzee mmoja alikatwa mguu kwa ajili ya sukari, alikuwa mwanajeshi zamani na Kiswahili chake ni kile cha kambini, hakina mapambo. Nilipomaliza kuomba akanitazama akaniuliza, "Wewe mama, hii umeomba, unaamini?" Wodi nzima ilikuwa inasikiliza. Nikamwambia mzee, leo naamini kidogo. Akafikiri, akasema, "Sawa. Mimi pia niko na kidogo. Weka pamoja, omba tena." Tukaomba tena. Na nilipokuwa naomba nikamkumbuka yule baba wa Marko 9 aliyemleta mwanawe anayeanguka kifafa, akalia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na Yesu hakumwambia rudi ukalete imani kamili, alimponya mtoto akiwa na ile nusu aliyokuja nayo.

Na kuna mama kijana, mtoto wake ana sikoseli, kidole kimevimba ana dripu, akaniuliza swali ambalo nililijua kabla hajalimaliza. Mimi nimemkosea Mungu nini? Nikakaa chini kwenye mkeka wake. Nikamwelezea ile ya moja kati ya nne kama nesi alivyonielezea, nikamwelezea kwamba yeye na mume wake wote wanabeba, si yeye peke yake kama mama mkwe anavyosema, nikamsomea Yohana 9. Akasema hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo, wote wanamwambia aombe zaidi. Nikamwambia na kliniki asikose, na chandarua asikose, na akiona ndani ya kope za macho pamekuwa peupe, damu imeshuka, asisubiri asubuhi. Hatukuomba kwa muda mrefu siku hiyo, tulilia zaidi.

Sasa hapa nataka nisieleweke vibaya. Sisemi Mungu alimchukua yule mtoto ili mimi nipate huduma. Mtu akiniambia hivyo namkatalia hapo hapo, na wameshaniambia. Mungu wa namna hiyo, anayeua mtoto wa miaka sita ili mama yake mdogo ajifunze kupika uji, mimi simjui na sitaki kumhubiri. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho, kwamba mahali palepale palipovunjika ndipo nilipotumwa, na nilipofika niliwakuta watu ambao wasingefungua mdomo kwa mtu mzima asiye na ufa.

Historia ya nchi yetu hii imejaa hao watu lakini tunapoisimulia tunawasafisha mno. Kila Juni 3 tunaenda Namugongo, watu wanatembea kwa miguu kutoka hata Kenya na Tanzania, na tunasimulia wale vijana wafia imani wa mwaka 1886 kama vile hawakuwa na hofu kabisa. Mimi napenda kuwakumbuka pia wale watatu, Kamyuka, Ssebuta na Werabe, waliokuwa wamepelekwa kuchomwa na wakatolewa dakika za mwisho, wakabaki hai wakasimulia waliyoyaona. Waliishi miaka yao yote wakijua wenzao walikwenda na wao wakabaki, na ushuhuda mwingi tulio nao umepitia kwao. Huo nao ni utumishi.

Au mchukue mmisionari Pilkington. Anayesoma Biblia ya Luganda anasoma kazi ya mikono yake, alifanya na Waganda kama Henry Wright Duta, Biblia nzima ikatoka 1896. Mtu huyo mwishoni mwa 1893 alikuwa amekauka, kazi ya Mungu anaifanya kila siku, Agano Jipya ameshalimaliza, na ndani hakuna kitu, alikuwa anafikiria kuacha umisionari. Akaenda peke yake kisiwa cha Kome kule ziwani, na kijitabu cha mhubiri mmoja wa Kitamil wa India kikamfungua, akarudi Mengo mtu mwingine na uamsho ukaanza Desemba hiyo. Miaka minne baadaye aliuawa vitani kule Luba, Busoga, si mbali sana na huku kwetu. Mimi kinachonigusa si ule moto wa baada ya Kome. Ni kwamba maneno aliyoyatafsiri akiwa mkavu yako palepale kwenye Biblia, watu wameokoka kwa hayo maneno, na hakuna anayeweza kuonyesha mstari gani aliutafsiri siku anaamini na upi aliutafsiri siku anataka kurudi kwao.

Na Apolo Kivebulaya. Huyu kabla ya kubatizwa 1895 alikuwa mwanajeshi, alipigana upande wa Waislamu, alivuta bangi, wanaomjua hawangemchagua. Akatumwa Mboga, ng'ambo ya Semliki, ambako leo ni Kongo, waalimu waliomtangulia walikuwa wameondoka kwa njaa. Chifu Tabaro hakumtaka, watu wakakatazwa kumuuzia chakula, akapigwa, na dada ya chifu alipoangukia mkuki akafa wakamsingizia Apolo, akafungwa minyororo akapelekwa Toro gerezani. Huko gerezani moyo ukavunjika. Alisimulia mwenyewe kwamba alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo. Alipotoka akarudi Mboga, kwa watu walewale. Tabaro baadaye akabatizwa. Apolo alikaa na kazi hiyo mpaka alipokufa 1933 na alizikwa hukohuko.

Nawapenda hawa wote wawili lakini nina neno kwa ajili ya sisi ambao hatujaenda Kome na hatujaona mtu anang'aa. Shuhuda za kanisani zimetuzoesha kwamba shaka lazima iishe kwa kishindo, ndio upewe kipaza sauti. Ukisimama useme bado ninayo, nimeamka nayo leo, watu wanaanza kukuwekea mikono. Lakini wale wa Galilaya, Mathayo anasema waliona shaka na hasemi iliisha lini. Injili inafungwa hapo. Hatuambiwi majina yao hata. Inawezekana mmoja wao alihubiri maisha yake yote akiwa nayo na akafa nayo, na aliyemtuma alijua tangu mlimani, na bado alimwambia mimi nipo pamoja nanyi siku zote.

Najua mtu ataniletea Yakobo 1, kwamba mwenye shaka ni kama wimbi la bahari na asidhani atapokea kitu. Nimeusoma sana huo mstari, nimeogopa kwa ajili yake. Jinsi ninavyouona, Yakobo anazungumza juu ya mtu wa nia mbili, anayeomba hekima huku moyoni ameshaamua hataifuata, mguu mmoja huku na mmoja kule. Yule baba wa kifafa hakuwa na nia mbili. Alikuwa na nia moja tu, mwanawe apone, na imani iliyochoka. Hizo ni hali mbili tofauti na tunawaumiza watu tukizichanganya. Na kabla hujamnyooshea mtu Yakobo, fungua Yuda mstari wa 22, "Wahurumieni wengine walio na shaka." Hiyo ni amri, iko kwenye Biblia ileile, na sijawahi kuisikia kwenye mahubiri hata Jumapili moja.

Kwa hiyo kama umeombwa na unajisikia hufai, nenda umwambie aliyekuomba ukweli wote, usimfiche, uombe kazi ambayo unaweza kuifanya bila kudanganya, na uanze. Usianze kwa kusema usiyoyaamini ili upendeze watu, hiyo itakuua. Mwambie Mungu hivyohivyo pia, Zaburi zimejaa watu wanaomuuliza mpaka lini na hakuna aliyewafukuza hekaluni. Tafuta Haruni wako, mtu mmoja au wawili wa kusimama nao. Mimi nina mama mmoja wa Mothers Union, siku ambayo siwezi kuomba namwashiria tu kwa macho, anaomba yeye, mimi nashika mkono wa mgonjwa.

Dada yangu amekuwa anauliza maswali siku hizi. Uji mnapika wa nini, wa mahindi au wa wimbi? Nani anaosha vikombe? Wiki iliyopita akanipigia akasema anaweza kuja Jumamosi kusaidia kupika lakini nisimwambie mtu, na kuomba haombi, na wodi ya watoto haingii. Nikamuuliza Reverendi kama inawezekana mtu aje kwa masharti hayo. Akasema kwani masharti ni nini, jikoni kuna kazi, mwambie aje na kisu manake visu vyetu vimeisha makali. Tunahitaji pia sufuria moja kubwa zaidi, wagonjwa wameongezeka, kwa hiyo aliye Busia na anayo ambayo haitumii, ailete kanisani kabla ya Ijumaa jioni.